POVU SIYO KUCHEMKA: TUPIKE SOYA YETU TUILE

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja mkoani Ruvuma, siku ya mafunzo ya mapishi.)



Leo hatukuja na karatasi za mtihani. Tumekuja na sufuria, kinu, kitambaa safi, malimau na vikombe 2 vya soya. Tutazungumza kwanza, halafu tutapika, halafu tutakula. Na ninyi mtakaoyasoma maneno haya gazetini, someni polepole. Mkifika kwenye mapishi, wekeni gazeti karibu na jiko mfuate hatua moja moja.

Chakula cha leo ni ugali, mboga za majani, na soya ya kugandisha. Soya ya kugandisha huitwa tofu. Jina hilo limetoka huko China na Japani, ambako watu wameila kwa mamia ya miaka. Msiogope jina. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa kwa limau na kukamuliwa maji. Mwenye kujua kukamua tui la nazi na mwenye kujua maziwa ya mgando, huyo nusu ya kazi anaijua tayari.

Chakula hiki hakina nyama, hakina samaki, hakina yai wala maziwa ya ng'ombe. Tena hakina ngano. Kwa nini tumechagua hivyo, tutaeleza mbele.

SOYA TUNAYOIUZA

Ndugu zetu, soya siyo ngeni kwenu. Mnaipanda, mnaipalilia, mnaivuna, mnaipiga, mnaipepeta, mnaipeleka ghalani na kungoja mnada. Soya ilifika nchini kwetu zamani. Mwaka 1907, wakati wa Wajerumani, ilijaribiwa huko Amani katika mkoa wa Tanga. Siku hizi soko lake limepanuka. Mwaka 2020 China nayo ilifungua mlango wa kununua soya ya Tanzania. Hayo ni mambo mazuri. Fedha ya soya inalipa ada, inanunua bati, inanunua mbolea.

Lakini tuulizane swali moja. Ni nani hapa aliyekula soya wiki hii? Nyosheni mikono.

Mnaona wenyewe. Mikono ni michache. Tunalima chakula bora, tunakiuza chote, halafu tunarudi nyumbani kula ugali kwa mchuzi mwepesi. Mtoto anashiba tumbo, lakini mwili wake unabaki na njaa.

Wazee mliokuwa katika vikundi vya redio mwaka 1975 mnakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai. Mlifundishwa kuwa kuna vyakula vya kuleta nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Ugali unaleta nguvu. Mboga za majani na matunda vinalinda mwili. Je, chakula cha kujenga mwili kiko wapi katika sahani zetu? Nyama ni ghali. Kuku tunamngojea mgeni. Dagaa wakati mwingine hawafiki.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 30 hivi wamedumaa. Yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Tena sikilizeni vizuri. Mikoa iliyokuwa na udumavu mwingi zaidi ni Iringa, Njombe na Rukwa. Hiyo siyo mikoa ya njaa. Ni mikoa ya mahindi. Katika Iringa zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo ghala kujaa mahindi siyo dawa peke yake. Udumavu una sababu nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji machafu, mama mjamzito kukosa chakula cha kutosha, na mtoto kulishwa chakula cha aina moja tu. Hii ya mwisho tunaweza kuanza kuiondoa leo hii jikoni.

Soya ina nini? Katika gramu 100 za soya kavu mna kama gramu 36 za protini, yaani kile kinachojenga mwili. Maharage makavu yana kama gramu 22. Mahindi yana kama gramu 9. Tena protini ya mahindi ina upungufu, na soya inajaza upungufu huo. Ndiyo maana ugali na soya vikikutana kwenye sahani moja, vinasaidiana kama mke na mume wanaoelewana.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Kabla ya kupika, kuna jambo lazima tuliseme. Wengine hapa mnalijua. Wengine mmelisikia njiani likiwa limeongezwa chumvi. Ni vizuri mlisikie kutoka kwetu.

Miaka michache iliyopita tulikuja katika kijiji hiki kufundisha mapishi ya soya. Tulikuwa na sufuria kubwa na watu wapatao 30. Tulichelewa kuanza. Jua lilikuwa linashuka na watoto walikuwa wanasubiri na vikombe mkononi. Tulibandika maziwa ya soya motoni. Baada ya muda mfupi povu likapanda, likafika ukingoni, likataka kumwagika. Tukasema, "Haya, yamechemka!" Tukaipua. Tukaongeza sukari kidogo, tukagawa kwa vikombe.

Kabla ya jua kuzama watu walianza kushika matumbo. Wengine walitapika. Wengine waliharisha usiku kucha. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepotea. Asubuhi walikuwa wamepona, lakini hofu haikupona. Habari ilienea kwamba soya ya mwalimu ni sumu. Mwaka ule nyumba nyingi hapa ziliuza soya mpaka punje ya mwisho. Waliokuwa wanaitia kidogo kwenye uji wa watoto nao wakaacha.

Sisi tulirudi wilayani tukiwa na aibu. Kwanza tulidhani mbegu zilikuwa na dawa ya shambani. Hazikuwa na dawa. Tuliporudi kuomba radhi, bibi mmoja alituketisha kwenye mkeka akatuuliza:

"Mwanangu, yale maziwa mliyachemsha kwa muda gani?"

Tukamjibu, "Bibi, tuliyaacha mpaka povu likapanda."

Akacheka. Akasema, "Mwalimu, uji nao hufura kabla haujaiva. Mimi nikiona uji umefura ndiyo kwanza nauanza. Nani aliwafundisha kuangalia povu?"

Ndugu zetu, bibi yule alikuwa amesema kweli tupu. Tulipouliza wataalamu wa lishe walituambia maneno yale yale. Soya mbichi ina vitu ndani yake vinavyozuia tumbo kusaga chakula, na vinavyoliudhi tumbo. Moto wa kutosha unaviondolea nguvu. Lakini maziwa ya soya yana hila. Povu lake hupanda kabla maziwa hayajachemka. Mpishi akiona povu anadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Huko China kosa hilo limewahi kuwaumiza watu, hata watoto wa shule.

Basi kosa halikuwa la soya. Lilikuwa letu. Hatukupima muda. Tulikuwa tunawafundisha ninyi kusoma saa na kuandika vipimo, na sisi wenyewe hatukutazama saa! Tangu siku ile hatupiki soya bila kuandika. Ndiyo sababu leo mnaona ubao umesimama karibu na mafiga. Juu kabisa tumeandika: POVU SIYO KUCHEMKA. Someni wote kwa sauti. Asanteni.

KWA NINI BILA NGANO NA BILA KITU CHA MNYAMA

Mama mmoja wa darasa hili alitueleza kuwa mtoto wake alikuwa anaharisha mara kwa mara na hanenepi. Hospitali walimpima, wakasema tumbo lake halipatani na ngano. Ndani ya ngano na shayiri mna kitu kiitwacho gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa chapati uvutike ukiukanda. Kwa watu wengi hakina neno. Lakini kwa watu wachache kinaharibu utumbo, na mtu hapati faida ya chakula anachokula. Mtu wa namna hiyo haruhusiwi kula chapati, mkate, maandazi wala tambi za ngano.

Mama yule alituuliza, "Sasa mwalimu, mwanangu atakula nini?"

Jibu lake liko shambani kwake. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, maharage na soya havina gluteni. Ila awe mwangalifu na mambo 2. Kwanza, mashine ya kusaga. Kama mashine imetoka kusaga ngano, unga wa mtoto huyo usisagwe hapo mpaka mashine isafishwe vizuri. Pili, ule mchuzi mweusi wa soya unaouzwa kwenye chupa mara nyingi hutengenezwa kwa soya pamoja na ngano. Jina lake ni soya, lakini ngano imo. Hivyo sisi tunatumia chumvi tu.

Na kitu cha mnyama? Wako majirani zetu ambao imani yao haiwaruhusu nyama, na wako wanaoiacha wakati wa kufunga. Wako pia wengi ambao hawaiachi kwa kupenda. Mfuko ndio unaowaamulia. Chakula cha leo kinawafaa wote hao. Lakini hatusemi yai ni baya. Hatusemi dagaa waachwe. Ukiwa nao, kula. Tena mjue kuwa kuna vitamini moja inayoitwa B12 ambayo mwili unaihitaji kwa damu na mishipa ya fahamu, nayo haimo kwenye mimea. Mtu asiyekula kitu cho chote cha mnyama siku zote aende kituo cha afya apate ushauri.

Jambo jingine kuhusu watoto. Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya soya ya nyumbani hayawezi kushika nafasi ya maziwa ya mama. Asitokee mtu akasema tumesema hivyo.

MAPISHI

Haya, sasa tusogee karibu na jiko. Kikombe chetu ni cha robo lita. Chakula hiki kinatosha watu 5 au 6.

Vitu vinavyotakiwa:
Soya kavu vikombe 2.
Maji safi vikombe 12, mbali na maji ya kulowekea.
Malimau 3 yenye maji mengi.
Mafungu 2 ya mchicha, matembele au majani ya maboga.
Karoti 2, nyanya 3, kitunguu 1 na punje 2 za kitunguu saumu.
Mafuta ya alizeti na chumvi.
Unga wa dona au wa mtama wa kutosha ugali.

Hatua ya 1. Chagua na loweka. Ondoa mawe na punje zenye ukungu. Soya iliyotiwa dawa kwa ajili ya kupanda isiliwe kabisa. Osha, kisha loweka kwa maji mengi tangu jioni mpaka asubuhi. Asubuhi chukua punje moja uipasue. Ikiwa katikati ina rangi moja na pembeni, imelowana vya kutosha. Ikiwa katikati bado ina rangi nyingine, ngoja kidogo. Mwaga maji yale, sugua maganda yatoke, suuza tena.

Hatua ya 2. Twanga. Twanga kwenye kinu kidogo kidogo, au saga kwenye jiwe, mpaka ilainike kabisa. Kadiri inavyolainika ndivyo maziwa yanavyokuwa mengi.

Hatua ya 3. Kamua. Changanya na yale maji vikombe 12. Mimina kwenye kitambaa safi, kaza, kamua kama unavyokamua tui. Maziwa yataingia kwenye sufuria, na machicha yatabaki kwenye kitambaa. Machicha usiyatupe. Tutayarudia. Lakini usiyaonje, maana bado ni mabichi. Maziwa nayo usiyaonje.

Hatua ya 4. Chemsha. Hapa ndipo tulipokosea sisi. Tumia sufuria kubwa ili maziwa yasipite nusu yake. Bandika motoni. Koroga mpaka chini kwa mwiko, maana maziwa ya soya hushika upesi. Povu likipanda, usiipue! Punguza kuni, nyunyiza maji baridi kidogo, koroga, povu litashuka. Endelea mpaka uone maziwa yenyewe yanatokota kutoka chini. Sasa ndiyo utazame saa. Simu ya tochi ina saa, na karibu kila nyumba ina simu. Andika saa ya kuanza. Kisha acha yatokote kwa dakika 20 kamili, ukikoroga. Leo tumeanza saa 4 na dakika 10. Ni nani atatuambia tutaipua saa ngapi? Vizuri, mama. Saa 4 na nusu.

Hatua ya 5. Gandisha. Ipua, ngoja dakika 5. Kamua malimau, toa mbegu, changanya na nusu kikombe cha maji. Mimina kwenye maziwa kwa mafungu 3, ukikoroga taratibu. Funika, ngoja dakika 15, usiguse. Ukifunua utaona mabonge meupe na maji ya manjano kidogo. Kama maji bado ni meupe kama maziwa, ongeza limau kidogo, ungoje tena.

Hatua ya 6. Kandamiza. Mimina polepole kwenye kitambaa kilichotandikwa juu ya chujio au kikapu safi. Kunja kitambaa, weka sahani juu, kisha jiwe safi la kama kilo 2. Acha kwa nusu saa. Fungua. Hiyo ndiyo tofu. Kata vipande kama vya muhogo wa kukaanga.

Hatua ya 7. Pika mboga. Kaanga vipande vya tofu kwa mafuta mpaka viwe na rangi ya dhahabu, uvitoe. Katika mafuta yale yale kaanga kitunguu, kitunguu saumu, karoti, kisha nyanya. Tia chumvi na maji nusu kikombe. Rudisha tofu, acha itokote dakika 5 ili inywe mchuzi. Tofu yenyewe haina ladha kubwa, inangojea ladha ya mchuzi wako. Mwisho tia majani yaliyooshwa na kukatwa. Dakika 3 au 4 zinatosha. Majani ya maboga yanataka zaidi kidogo. Usiyapike mpaka yawe meusi, maana vitamini nyingi zitapotea.

Songa ugali wako. Wakati wa kula, kamulia limau kidogo juu ya mboga. Limau linausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, na chuma ndicho kinachoongeza damu. Chai ya majani iacheni kwanza, muinywe baadaye. Ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma hicho.

Na machicha? Chukua kiasi, changanya na kitunguu, chumvi na unga wa mahindi kidogo, finyanga vipande vyembamba, kaanga kwa moto wa wastani mpaka viive ndani kabisa. Yanayobaki chemsha vizuri uwape kuku. Kuku naye soya mbichi haimfai.

Tofu haikai. Bila barafu, ile siku ile ile. Ikinuka uchungu au ikiteleza, tupa. Na mtu ye yote anayewashwa mwili au kuvimba midomo baada ya kula soya, asiile tena mpaka amwone mganga wa zahanati.

DEBE MOJA LIBAKI

Wakati tofu inakandamizwa, tufanye hesabu ubaoni.

Debe la lita 20 linaingia vikombe vingapi vya robo lita? Vikombe 80. Kila tukipika tunatumia vikombe 2. Basi 80 gawanya kwa 2 ni 40. Debe moja la soya ni milo 40 ya nyumba nzima. Ukipika mara moja kwa wiki, debe hilo litakufikisha karibu miezi 9.

Ndugu zetu akina baba, hapa tunasema na ninyi kwa heshima. Mnajua ni nani huamua soya ngapi ipelekwe ghalani. Mara nyingi mama anakuta magunia yameshafungwa. Akiomba debe, anaambiwa, "Tutanunua chakula fedha ikitoka." Fedha ikitoka ina wenyewe wengi. Debe likiwa ndani halina mwenyewe mwingine ila watoto.

Baba mmoja alituambia leo asubuhi, "Mwalimu, nikiacha debe napoteza fedha." Tukamwomba aandike kwenye daftari lake bei ya debe moja mnadani. Kisha aigawanye kwa 40. Akaandika, akagawanya. Akatazama daftari muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe fedha hii kwa mlo mmoja hainipi hata nyama ya mtoto mmoja." Hatukuongeza neno. Hesabu ilikuwa imesema.

Hatuwaambii msiuze. Uzeni. Tunasema debe moja libaki, na libaki kwa makubaliano ya baba na mama, kabla gunia halijashonwa mdomo.

Wako watakaosema tofu ni chakula cha Wachina, au cha hoteli za mjini. Sivyo. Wanawake wa kaskazini mwa Nigeria wanaitengeneza vijijini, wanaiita awara. Wanaikaanga na kuiuza sokoni, wakipata fedha na kulisha nyumba zao. Kama wenzetu wameweza kwa kuni na kitambaa, sisi tumepungukiwa nini?

Jamani, tofu iko tayari. Kabla ya kugawa, tunataka mjue kuwa leo sisi ndio tutakaokula kwanza, mbele yenu. Tulistahili kufanya hivyo tangu siku ile. Na kipande cha pili tunampa bibi yetu aliyetufundisha habari ya uji. Bibi, karibu.

Bibi ameonja. Anasema chumvi imepungua. Hilo ni kosa dogo, bibi, tunalirekebisha sasa hivi.

Elimu haina mwisho, hata kwa mwalimu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu waliumwa na matumbo siku ya kwanza? Kosa lilikuwa la nani?
2. Maziwa yakianza kutokota saa 11 na dakika 25 jioni, utaipua saa ngapi?
3. Nyumba yenye madebe 2 ya soya inaweza kupika mara ngapi?
4. Katika nyumba yenu, ni nani huamua chakula gani kiuzwe na kipi kibaki? Zungumzeni, baba na mama pamoja.
5. Taja vyakula 5 vya shambani kwenu visivyo na gluteni.

KAZI YA WIKI HII: Pikeni soya watu 3 au 4 kwa pamoja. Mmoja asome hatua, mmoja ashike saa, mmoja aandike. Leteni daftari siku ya kisomo, tulisome wote.